Kabla Hujang'oa Kabati: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Ukarabati wa Jikoni

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Njoro, Kisumu na Vihiga, na karibu zote zina neno moja linalorudiwa: kisasa. Wasomaji wanataka jiko la kisasa, na wakati huohuo hawataki liwe mzigo kwa misitu, kwa ziwa wala kwa mapafu ya wanaopika humo. Mambo hayo yanapatana kuliko wauzaji wengi wanavyokubali, ingawa mara nyingi hupatana kwa kununua kidogo, si kwa kununua kingi. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila kugeuza maana yake.

Barua ya kwanza

*Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwaka jana tulinunua nyumba kuukuu mtaani Milimani, Nakuru. Makabati ya jikoni ni ya mbao, yamechujuka rangi, milango mingine imelegea bawaba, na chini ya sinki mbao imeoza. Fundi ananishauri ning'oe kila kitu, niweke makabati ya MDF yanayong'aa na juu yake jiwe la kwatsi. Natamani jiko zuri, lakini nataka pia vifaa visivyodhuru mazingira wala afya ya wanangu. Je, nimfuate?*

Mama, kabla fundi hajashika nyundo, chukua tochi na bisibisi, uiname chini ya kila kabati, uichomechome mbao taratibu, hasa kwenye pembe za chini, kandokando ya bomba, na pale ubao unapogusa sakafu. Bisibisi ikizama kama kisu katika boga lililoiva, hapo pameoza na pakatwe. Ikigota, mbao hiyo ingali nzima na haina sababu ya kwenda jalalani. Kwa jinsi unavyoeleza, kilichoharibika ni chini ya sinki, bawaba na rangi, na hayo yote yanatengenezeka. Ukiangalia mahali pasipopakwa rangi ukakuta ni saipresi, au pengine mwangati, ule mti ambao Wakalenjin huuita tarakwet na ambao nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa na mchwa, ujue una mali ambayo leo huipati kwa urahisi dukani.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu kifaa kilichokwisha kutengenezwa kimekwisha kuyagharimu mazingira: mti umekatwa, mafuta ya lori yamechomwa, kiwanda kimetoa moshi wake. Kukitupa ili kununua kingine, hata kama hicho kipya kimebandikwa picha ya jani la kijani, ni kulipa gharama hiyo mara ya pili. Ushauri wangu ni ubakize maboksi ya makabati, ukate palipooza na kutia ubao mpya, ununue bawaba imara, na utengeneze milango mipya peke yake. Anayeingia jikoni huona milango. Boksi halionwi na mtu.

Sasa MDF. Ubao huu ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikashindiliwa pamoja na gundi, na gundi hiyo mara nyingi ina fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kwamba kila kabati la MDF ni sumu. Ninachosema ni kwamba ubao huo hutoa mvuke wa kemikali hiyo kwa muda mrefu, hasa ukiwa mpya, chumba kikiwa na joto na unyevu na hewa isipozunguka. Na ni chumba gani ndani ya nyumba chenye joto na mvuke kuliko jikoni? Ukilazimika kuutumia, mwulize muuzaji daraja lake la utoaji wa fomaldehaidi, ukatae chochote kisichofikia E1, na ukipata E0 ni bora zaidi. Hakikisha pia kila ukingo uliokatwa umefunikwa, pamoja na matundu ya bomba na ya bawaba, kwa sababu ukingo ulio wazi hutoa mvuke mwingi zaidi, tena hunywa maji ukavimba kama mandazi yaliyosahauliwa ndani ya chai. Ubao uliovimba hivyo hakuna seremala wa kuurudisha.

Kwa milango, mimi ningechagua mgrevilia. Mti huu hupandwa mipakani mwa mashamba na katikati ya mikahawa, hukua haraka, na kuukata hakugusi msitu wa Mau. Mbao yake ina madoadoa ya kumeremeta ambayo hakuna karatasi ya kubandika inayoweza kuyaiga vizuri. Kasoro yake ni kwamba wauzaji wengi huiuza mbichi. Mbao ya milango ya ndani iwe na unyevu wa asilimia 12 hivi, na kama seremala wako hana kipimo, basi mbao zipangwe kwa vijiti katikati, chini ya paa, hewa ipite, zikae miezi kadhaa kabla ya kuchongwa. Najua miezi kadhaa ni subira kubwa kwa mtu anayetaka jiko lake, lakini mlango uliochongwa kwa mbao mbichi utapinda kabla ya Krismasi. Kumbuka kumwomba muuzaji akuonyeshe kibali cha kusafirishia mbao. Mwenye mali halali hatachukia swali hilo.

Mbao hizo zipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kisha nta ya nyuki. Hapa nina onyo ambalo sijawahi kuchoka kulitoa: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa pembeni hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yaloweke katika ndoo ya maji au yaanike nje yakiwa yamekunjuliwa, siku hiyohiyo, kabla fundi hajaondoka.

Kuhusu jiwe la kwatsi, jibu langu ni hapana. Kitu hicho hakikuchimbwa kikiwa jiwe zima. Ni unga wa kwatsi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90, uliogandishwa kwa gundi ya plastiki kiwandani ng'ambo, ukasafiri kwa meli hadi Mombasa kisha kwa lori hadi Nakuru. Mpishi halimdhuru, ingawa sufuria iliyotoka motoni inaweza kuiunguza gundi yake na kuacha alama. Anayedhurika ni kijana anayelikata. Vumbi lake limejaa chembe laini za silika, madini yanayounda kwatsi, zinazoingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa usio na tiba, na Australia, baada ya kuona wakataji wake wakiugua wangali vijana, ilipiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Hapa kwetu nimewaona vijana wakiyakata kando ya barabara kwa msumeno mkavu, wamejifunga kitambaa puani, weupe kama watu waliotoka kusaga unga. Sitaki uzuri wa jikoni kwako utokane na kifua cha mtoto wa mwenzako. Graniti nayo ina silika, ila kwa kiasi kidogo zaidi; ukiichagua, sharti lako la kwanza kwa fundi liwe kukata kwa maji.

Kwangu mimi, terazo, yaani saruji yenye kokoto za marumaru iliyosagwa ikang'aa, ndiyo ingestahili jikoni mwako. Katika nyumba za rika hilo, mara nyingi meza ya jikoni ni slabu ya zege iliyolazwa juu ya kuta fupi, kisha ikafunikwa vigae au ubao. Chungulia chini, ukiikuta, usiivunje. Mwashi anaweza kuikwaruza ishike, akatandaza juu yake tabaka jembamba la saruji na kokoto za marumaru, zile zinazotoka Kajiado, akalisaga na kuling'arisha. Sitadai kwamba saruji haina doa: chokaa yake huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa yote ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana nasema tabaka jembamba juu ya slabu iliyopo. Ukimimina mpya yenye unene wa sentimita 4, kila mita moja ya mraba itakuwa na uzito wa karibu kilo 100, na huo si mzigo wa kuweka juu ya makabati ya mbao.

Terazo inyunyiziwe maji na kufunikwa kwa siku 7 bila kukosa, la sivyo itapasuka nyufa ndogondogo. Ndimu na siki huila, kwa hiyo ipakwe dawa ya kuziba vitundu, na ndimu ikimwagika ifutwe papo hapo. Wengine watakushauri utumie chupa zilizovunjwa badala ya marumaru ili kupunguza taka. Nia ni njema, lakini kioo hupambana na ukali wa saruji kadiri miaka inavyopita, na pakiwa na unyevu huweza kufutuka na kupasua uso. Jikoni hapafai. Kama unataka jiwe la nyumbani kwetu, weka bamba la jiwe la Kisii kando ya meko: linavumilia joto na halijali ndimu. Ni laini, likiguswa na kisu huchubuka, hivyo lisiwe mahali pa kukatia sukuma wiki. Lakini mchubuko wake unaondolewa kwa msasa wa maji na mkono wako mwenyewe.

Barua ya pili

*Tumejijengea nyumba Kisumu, upande wa Nyamasaria. Jikoni ni moto kama tanuri kuanzia saa nane mchana, kuta zinaota ukungu mweusi, rangi inabambuka kuanzia chini kwenda juu, na makabati ya chipbodi tuliyoweka miaka mitano iliyopita yamefura. Nafikiria kubandika vigae kutoka sakafuni hadi darini ili nimalize tatizo. Ni sawa?*

Ndugu yangu, vigae vitaficha ugonjwa, havitautibu. Unyevu ulioko ndani ya ukuta ukizibiwa njia ya kutoka mbele utapanda juu zaidi au utatokea upande wa pili, sebuleni, na utakuwa umelipia vigae ili kuuhamisha.

Kwanza tujue unatoka wapi. Kata kipande cha nailoni chenye ukubwa wa daftari lililofunuliwa, ukibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakitokea juu yake, upande wa chumba, ni mvuke wa kupikia usio na pa kutokea. Kwa kuwa rangi yako inabambuka kuanzia chini, na uwanda huo wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji kwa muda mrefu, nadhani utakuta la kwanza, pengine yote mawili. Tiba ya unyevu wa ardhini huanzia nje ya nyumba: uwanja usiwe juu kuliko sakafu ya ndani, ushuke angalau sentimita 15 chini yake, na maji ya paa yaende kwenye tangi au mtaroni badala ya kudondokea msingini. Kisha bandua plasta ya saruji iliyolowa kuanzia chini hadi kimo cha mita moja hivi, ukuta ukauke majuma kadhaa, halafu upigwe plasta ya chokaa. Chokaa huuruhusu ukuta kupumua, na ukali wake haupendwi na ukungu; tena huhitaji kuitafuta mbali, kwa maana mawe ya chokaa yanachimbwa Koru, ndani ya kaunti yenu. Vigae viwe nyuma ya meko na sinki peke yake, mahali panaporukiwa na mafuta na maji.

Joto lina sababu zake. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, kwa hiyo jiko lililochorwa Nakuru halifai kuhamishiwa kwenu jinsi lilivyo. Hewa ya moto hupanda. Isipopata tundu karibu na dari hujikusanya hapo na kukushukia kichwani. Toboa matundu mapana chini kidogo ya dari, uyawekee wavu wa mbu. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, yaani kwako unatoka magharibi na kusini-magharibi, na huo ndio upepo wa kuukaribisha kwa dirisha kubwa. Ila jua la alasiri nalo linatoka hukohuko, kwa hiyo dirisha hilo liwe na kivuli kirefu: upenu, baraza, au mti. Bila kivuli utakuwa umefungulia mlango kisichotakiwa pamoja na kinachotakiwa.

Makabati mapya yasiguse sakafu. Ama yawekwe juu ya miguu ya sentimita 15, ili uweze kupiga deki chini yake, ama uachane kabisa na maboksi ya ubao, ujenge kuta fupi na rafu za zege nyembamba kisha utundike milango ya mbao yenye mapengo ya kupitisha hewa. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa Kisumu: mende hukosa pa kujificha, na mafuriko madogo yakiingia hayana cha kufurisha. Kama mtungi wa gesi uko ndani, kumbuka gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala chini, kwa hiyo tundu lake la usalama huwa usawa wa sakafu, si juu. Na kwa vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, kama maharagwe, sufuria ya umeme yenye mgandamizo haitoi joto jingi chumbani, nayo hutumia umeme ambao nchini kwetu sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo.

Barua ya tatu

*Nimeona Kisumu viti na vikapu vilivyosukwa kwa gugu maji la ziwani. Je, naweza kutengenezewa milango ya makabati ya jikoni kwa gugu hilo? Ningependa kusaidia kupunguza lile balaa ziwani.*

Unaweza, dada, kwa masharti. Paneli iliyosukwa na kuingizwa katika fremu ya mbao hupitisha hewa na inafaa sana kabati la viazi, vitunguu na vyombo vikavu. Isiwe karibu na meko, kwa sababu bua lililokauka hushika moto upesi, wala chini ya sinki, kwa sababu likilowa huota ukungu. Mwambie msusi akaushe mabua kikamilifu, na fremu itengenezwe ili paneli iweze kutolewa na kubadilishwa baada ya miaka michache. Lakini mlango wako hautalipunguza gugu hilo ziwani. Linashibishwa na mbolea na majitaka yanayoteremka na mito, kwa hiyo shimo la kunasia mafuta na mabaki chini ya bomba la sinki lako lina maana kubwa zaidi kwa ziwa kuliko milango yote ya kabati.

Barua ya nne

*Nyumba ya wazazi wangu huko Njoro ilijengwa kabla sijazaliwa. Paa la jikoni ni la mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi, si bati la chuma. Marehemu baba aliyaita asbesto. Fundi anataka kuyatoboa apitishe bomba la moshi. Rangi ya madirisha nayo inabambuka tabaka juu ya tabaka. Kuna hatari?*

Ipo, na naomba umsimamishe fundi huyo leo. Bamba la asbesto lililo zima, lisiloguswa, halina hatari kubwa; likitobolewa, likikatwa au kusuguliwa kwa brashi ya waya, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho ambazo zikivutwa hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006, na uondoaji wake hufanywa na watu walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Wao huyalowesha mabamba, huyashusha yakiwa mazima, huyafunga kwa nailoni na kuyapeleka mahali palipotengwa. Nimeona watu wakiyavunjavunja ili kutandika njia ya uani au kuzibia banda la kuku. Usikubali hilo hata mara moja, wala usimpe jirani anayeyaomba. Kama fedha za kuyaondoa bado hazijapatikana, bomba la moshi lipitishwe ukutani, paa liachwe kama lilivyo.

Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka ipimwe. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Usiikwangue kavu, usiipige msasa kwa mashine, usiichome kwa moto. Watoto na wajawazito waondoke, nailoni itandazwe chini, rangi iloweshwe kwa maji na kukwanguliwa ingali imelowa, vipande vyote vikusanywe, kisha sakafu ipigwe deki mara mbili na wala isifagiliwe. Ukinunua rangi mpya, chagua ya maji, yenye harufu hafifu, na isome lebo: kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 katika milioni.

Barua ya tano

*Mimi ni mstaafu, naishi Vihiga na mama watoto. Watoto wetu walio Nairobi wamechanga fedha watujengee jiko la kisasa ndani ya nyumba, la gesi na vigae, na wanataka jiko la nje la matope libomolewe. Mama hataki. Anasema ugali wa gesi si ugali, mrenda wa gesi si mrenda, na kuni tunazo shambani. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa zizini. Nisimame upande gani?*

Mzee wangu, mama ana haki na watoto wana haki, ila kila upande umeshika nusu. Wanaloliona watoto ni moshi, na hawakosei: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, wengi kwa magonjwa ya mapafu na moyo, na watoto wadogo kwa nimonia. Analoliona mama ni jiko lake, kuni zake na mkono wake, na jiko jipya ambalo mpishi halitaki hugeuka stoo ya magunia ndani ya mwaka mmoja, huku mafiga matatu yakirudi chini ya mwembe. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa fedha na kwa mazingira.

Kwa hiyo msibomoe kwanza. Jengeni jiko la pili lililoungana na nyumba kwa baraza, mama asitembee mvuani, na ndani yake kuwe na moto wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuni, katika jiko la upesi, ambalo kina mama wa Magharibi wamelijua kwa miaka mingi: mtungi wa udongo uliochomwa, uliozungushiwa mawe na matope, unaobana moto chini ya chungu na kula kuni chache kuliko mafiga. Juu yake mwashi ajenge kofia ya kukusanya moshi na dohani inayopita juu ya paa, na ukutani kuwe na madirisha mawili yanayotazamana. Kuni zipasuliwe na kukauka kabla ya kutumika, kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi hata katika jiko bora.

Moto wa pili uwe wa samadi. Ng'ombe wawili wanaokaa zizini wanaweza kutoa kilo 30 za kinyesi kwa siku bila shida. Kikichanganywa na maji ya kiasi hichohicho ndani ya mtambo wa gesi ya samadi, hutoa gesi ya kuwasha jiko moja kwa muda wa saa 3 hivi kila siku. Hiyo inatosha chai ya asubuhi, mboga ya mchana na maji ya kuoga ya mzee. Tope linalobaki ni mbolea ya kupeleka kwenye migomba. Waelezeni watoto kwamba fedha walizotenga kwa vigae vya ukutani zianzie hapa.

Kuta msizijenge kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu tanuri lake hula mikaratusi mingi. Udongo mwekundu wa kwenu unafaa matofali ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono: udongo uliochekechwa, saruji kati ya asilimia 5 na 8, maji kidogo, kisha matofali yafunikwe kivulini na kunyunyiziwa maji kwa juma moja au mawili. Hayahitaji moto hata kidogo, na yale yanayoshikana kwa meno huhitaji udongo wa kuunganishia kidogo mno. Upenu uwe mpana, kwa mvua ya Vihiga, na mistari mitatu ya chini iwe ya mawe.

Kabla mwashi hajainua meza ya kupikia na kiti cha jiko, mwite mama asimame wima amevaa viatu vyake vya kila siku, akunje mkono kama anayesonga ugali, mpime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Meza iwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15. Jiko la kuni liwe chini zaidi, kwa sababu chungu kina kimo chake na ugali husongwa kwa kusukuma kutoka juu. Chungu kikubwa kiwekwe juu ya matofali ya majaribio, mama ashike mwiko, na mwashi aandike kipimo pale tu mama atakaposema panamtosha.